JIFUNZE KIINGEREZA: Neno “Forbear”, na Tofauti ya Kungojwa na Kusamehewa

Wasomaji wetu, somo la juma hili ni juu ya neno moja la Kiingereza lililo la zamani sana, nalo ni nadra kusikika siku hizi katika mazungumzo ya sokoni wala ya ofisini. Neno hilo ni “forbear”. Mtu aweza kukaa na Waingereza mwaka mzima asilisikie hata mara moja. Lakini mtu huyo huyo akifungua Biblia ya Kiingereza cha kale, au mchezo wa Shakespeare, atalikuta humo; na akipokea barua ya benki au mkataba wa kupanga nyumba, huenda akalikuta tena, ingawa limebadili umbo kidogo. Hapo ndipo penye hatari. Asiyejua maana yake katika kitabu cha hadithi hapotezi kitu ila utamu wa hadithi. Asiyejua maana yake katika mkataba aweza kupoteza shamba.

Basi na tulisome neno hili polepole: kwanza asili yake, pili maana yake, tatu jinsi ya kulitumia, na mwisho kazi yake katika mambo ya madeni.

ASILI YA NENO

Neno “forbear” limeungwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya pili, “bear”, ni kitenzi chenye maana ya kuchukua au kubeba mzigo, na tena kuvumilia. Sehemu ya kwanza, “for”, isidhaniwe kuwa ni lile neno dogo lenye maana ya “kwa ajili ya”. Hii ni sehemu ya kale ambayo Waingereza wa zamani waliitia mbele ya vitenzi ili kuonyesha kuacha, kuepuka, kukataza, au kulifanya jambo hata mwisho wake. Mabaki yake twayaona katika maneno mengi ambayo mwanafunzi ayajua tayari: “forbid”, kukataza, “forsake”, kumwacha mtu au kitu, “forgo”, kujinyima, “forget”, kusahau, na “forgive”, kusamehe. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu iliyopita neno letu lilikuwa “forberan”, nalo lilikuwa na maana ya kustahimili na ya kujizuia pia.

Sisi tusemao Kiswahili tunayo picha hiyo hiyo ya mzigo. Kutokana na kitenzi “chukua” tumepata “chukuliana”. Watu wakaao pamoja kwa amani husemwa kwamba wanachukuliana, yaani kila mmoja anaubeba uzito wa tabia ya mwenzake bila kuutupa chini. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, barua kwa Waefeso na barua kwa Wakolosai zina neno “forbearing”. Katika Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, mahali pale pale pana neno “mkichukuliana”. Mwanafunzi akilikumbuka neno hilo moja, amekwisha kulishika Kiingereza chake nusu.

MAANA YAKE HASA

“Forbear” maana yake ni kujizuia usifanye jambo ambalo ungeweza kulifanya. Ili neno hili litumike sawasawa, yapasa yawepo mambo matatu. Kwanza, mtu awe na uwezo au haki ya kulitenda jambo lenyewe. Pili, awe na sababu au hamu ya kulitenda. Tatu, ajizuie kwa hiari yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mtu mwenye nguvu ametukanwa njiani na kijana mlevi. Mkono wake umekwisha kuinuka, kisha aushusha, aenda zake. Huyo Waingereza wa zamani wangesema juu yake “he forbore”. Lakini kama mtu huyo alikuwa amefungwa kamba mikono yote miwili, hatuwezi kulitumia neno hili, kwa maana hakujizuia, bali alizuiwa. Kadhalika simba aliyeshiba akimwacha swala apite, si kwamba amejizuia. Hana njaa tu. Na wazee wetu husema, “Mkono usioweza kuukata, ubusu.” Hiyo ni busara ya mnyonge, nayo si “forbear”. “Forbear” ni tendo la yule ambaye angeweza kuukata mkono, naye akaacha.

Hapa yafaa tulitenge neno hili na jamaa zake, kwa kuwa wanafunzi wengi huwachanganya.

“Endure” ni kuvumilia jambo ambalo huna budi nalo, kama njaa, jua kali au ugonjwa. Mgonjwa huvumilia maumivu yake. Hayuko katika hali ya kuchagua.

“Refrain” lina maana iliyo karibu sana na ya neno letu, nalo ndilo litumiwalo zaidi leo. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya lijamu, kile chuma kitiwacho kinywani mwa farasi ili ashikwe asikimbie. Katika matangazo ya mabasi na hospitali mtu husoma “Please refrain from smoking”, yaani tafadhali usivute sigara.

“Abstain” latoka pia katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kujishika mbali na kitu. Hutumiwa zaidi juu ya vileo na vyakula, na juu ya mjumbe ambaye hakupiga kura ya ndiyo wala ya la.

“Restrain” ni kumzuia mwingine, au kujizuia mwenyewe kwa nguvu. Askari humshika mlevi asimpige mtu. Hiyo ndiyo “restrain”.

Twaona basi kwamba “forbear” lina kitu ambacho maneno hayo mengine hayana sikuzote, yaani upole wa mwenye nguvu. Hata leo mtu akisifiwa kuwa ni “forbearing”, maana yake ni kwamba ana haki ya kukasirika, wala hakasiriki upesi.

JINSI YA KULITUMIA

Umbo la neno hili hubadilika kama lile la “bear”. Kwa wakati uliopo twasema “forbear”. Kwa wakati uliopita “forbore”. Na baada ya “have”, “had” au “was” twasema “forborne”. Ni kosa kuandika “forbeared”. Jina la tendo lenyewe ni “forbearance”. Katika kulitamka, sauti hukazwa katika sehemu ya mwisho.

Neno hili huingia katika sentensi kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kulifuatisha na “to”. Mfano: “The old man forbore to answer.” Maana yake: Mzee alijizuia asijibu.

Njia ya pili ni kulifuatisha na “from” na kitenzi chenye “ing”. Mfano: “She forbore from asking him about the money.” Maana yake: Alijizuia asimwulize habari za zile fedha.

Njia ya tatu ni kuliacha peke yake. Mfano: “He was angry, but he forbore.” Maana yake: Alikuwa na hasira, lakini alijizuia.

Njia ya nne ni ya kale, nayo ni kulifuatisha na “with”. Mfano: “Forbear with him, he is only a child.” Maana yake: Mchukulie, yu mtoto tu. Siku hizi Waingereza husema “bear with him”, na mtu akikuambia “Please bear with me”, anakuomba umngoje kidogo bila kuchoka naye.

Jihadhari usiseme “I forbore him to go” ukitaka kusema kwamba ulimzuia asiende. Mtu hujizuia mwenyewe kwa “forbear”. Akimkataza mwenzake, neno lake ni “forbid”, na akimzuia kwa tendo, neno lake ni “prevent”.

Liko pia jina jingine linalofanana na kitenzi hiki, nalo ni “forebear”, ambalo mara nyingine huandikwa bila ile “e” ya kati. Jina hilo lina maana ya babu wa zamani, yaani aliyekuwako kabla yetu, na sauti yake hukazwa mwanzoni. Hayo ni maneno mawili yenye asili mbalimbali. Ukisoma “our forebears”, jua kwamba ni wahenga wetu wanaotajwa, si watu waliojizuia.

Je, mwanafunzi alitumie neno hili anapoandika barua ya kuomba kazi? Twamshauri asilitumie. Katika barua ya leo “refrain” latosha, na “forbore” laweza kumfanya msomaji adhani kwamba mwandishi amelitoa kaburini. Lakini kulijua ni lazima kwa yeyote asomaye vitabu vya kale au mikataba.

MAHALI LINAPOONEKANA KATIKA VITABU

Shakespeare alifariki mwaka 1616, akazikwa ndani ya kanisa katika mji wa Stratford-upon-Avon. Juu ya kaburi lake liko jiwe lenye maneno machache ya kumwomba mpita njia asilichimbue vumbi lililomo. Atakayeliacha jiwe atabarikiwa, na atakayeihamisha mifupa atalaaniwa. Kitenzi kilichochongwa mwishoni mwa mstari wa kwanza ni hicho hicho chetu, kwa tahajia ya zamani. Angalia jinsi kilivyofaa. Mtu yeyote mwenye sururu angeweza kulichimba kaburi lile, wala maiti hana uwezo wa kumzuia. Anachoweza ni kumwomba tu, aliye na uwezo, asiutumie.

Neno hilo limo pia katika mchezo wake ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili na kuuita “Mabepari wa Venisi”, uliochapishwa mwaka 1969. Katika mchezo huo binti tajiri, Portia, amsihi mchumba wake angoje kidogo kabla ya kuchagua sanduku, naye alitumia neno “forbear”. Na habari yote ya mchezo ule ni ya mdai aliyeshika hati ya deni mkononi, akaombwa mbele ya baraza ajizuie, akakataa. Sheria ilikuwa upande wake mwanzoni. Alichokosa ni huko kujizuia, na mwisho wake akapoteza deni pamoja na mali.

KAZI YAKE KATIKA MADENI

Sasa tumefika penye mambo makubwa. Kitenzi “forbear” kimezeeka, lakini jina lake, “forbearance”, lingali na nguvu katika mabenki na mahakama. Humo lina maana hii: mwenye haki ya kudai, au ya kushtaki, ameacha kuitumia haki yake kwa muda. Kiswahili chetu chasema kwamba amempa mdeni muhula.

Sheria ya Kiingereza hulihesabu tendo hilo kuwa kitu chenye thamani. Mwaka 1864 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Alliance Bank na Broom. Wadeni walikuwa wamekopa zaidi ya pauni 22,000 bila kuweka rehani. Benki ikadai rehani. Wadeni wakaahidi kuitoa, kisha wasiitoe. Walipopelekwa mahakamani ilitetewa kwamba benki haikuwapa kitu chochote kwa ahadi ile mpya. Mahakama ikasema kwamba walipata kitu: kwa kuahidi, walipata muda ambao benki haikuwashtaki, ingawa haikutaja ni siku ngapi. Kungojwa kulikuwa malipo ya kutosha, na ahadi iliwafunga. Jambo hili latuhusu, kwa sababu Sheria ya Mikataba ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1961, huifuata sheria ya kawaida ya Uingereza juu ya mikataba, pamoja na mabadiliko yaliyowekwa.

Kesi nyingine yajulikana sana kwa wanafunzi wa sheria, nayo ilitoka katika jimbo la New York huko Marekani. Mwaka 1869 Bwana William Story alimwahidi mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa na jina lile lile, kwamba atampa dola 5,000 iwapo hatakunywa pombe, hatavuta tumbaku, hatatoa maneno machafu, wala hatacheza karata au biliadi kwa fedha mpaka atimize miaka 21. Kijana akaishika ahadi. Mwaka 1875 akatimiza umri huo, akamwandikia ami yake. Mzee akakiri kwamba fedha zile ni haki yake, ila akasema atamtunzia kwanza. Mwaka 1887 mzee akafa kabla ya kuzitoa. Msimamizi wa mali yake, Sidway, alikataa kulipa, akisema kwamba kijana hakutoa kitu. Tena kwa kuacha pombe na tumbaku alijifaidia mwenyewe. Dai hilo lilikuwa limekwisha kuhamishwa, likawa mikononi mwa mtu aitwaye Hamer. Mwaka 1891 Mahakama ya Rufani ya New York ikaamuru fedha zilipwe. Sababu yake ni ile ile tuliyoieleza hapo juu: kijana alikuwa na haki ya kuyafanya mambo yale, naye akajizuia kwa ajili ya ahadi. Kujizuia kwake kulikuwa na bei.

Lakini fundisho lililo kubwa kuliko yote ni hili: kungojwa si kusamehewa. “Forgive” ni kulifuta deni. Baada yake hakuna deni tena. “Forbear” ni kuliacha deni mahali pake na kuushusha mkono kwa muda. Ile barua kwa Wakolosai, tuliyoitaja, yayaweka mambo hayo mawili pamoja, kuchukuliana na kusameheana, kwa kuwa ni mawili, si moja. Na katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, mdai aamriwa ampe muhula mdeni aliye katika dhiki, kisha aambiwa kwamba kulisamehe deni ni bora zaidi. Hapo napo ni mambo mawili mbalimbali.

Watu wengi huumia kwa kuyachanganya. Mwenye nyumba akikaa miezi mitatu bila kudai kodi, mpangaji huanza kusema moyoni, “Amenionea huruma, yamekwisha.” Kisha wadai wanapofika mlangoni hulia kwamba ameonewa. Lakini angeusoma mkataba wake vema, huenda angekuta sentensi ya namna hii: “No delay or forbearance by the landlord shall be a waiver of his rights.” Maana yake ni kwamba mwenye nyumba akichelewa au akijizuia kudai, asihesabiwe kuwa ameitupa haki yake. Sentensi kama hiyo imo katika mikataba mingi ya kukopa na ya kupanga.

Neno hili lilisikika tena duniani mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Tarehe 27 Machi mwaka huo Marekani ilitia sahihi sheria iliyowaruhusu wenye mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali kuu kuomba “forbearance” kwa siku 180, na kuomba siku nyingine 180 baadaye. Katika muda huo waliruhusiwa kusimamisha malipo au kuyapunguza, wala hawakutozwa faini. Hata hivyo riba ya kawaida iliendelea, na malipo yaliyoachwa yalibaki kuwa deni la kulipwa baadaye. Aliyedhani kwamba amefutiwa miezi ile alikuwa amesoma “forgive” mahali palipoandikwa “forbear”.

Kwa hiyo, msomaji akipata barua yenye neno “forbearance”, na aulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Muhula ni wa siku ngapi? Riba yaendelea katika muda huo, au imesimama? Muhula ukiisha, nitalipa yote mara moja au kidogo kidogo? Na je, nimeahidi kitu gani kipya ili ningojwe? Majibu yawe kwa maandishi, wala si kwa mdomo. Na muhula wenyewe usiwe wa kulala, maana wahenga walikwisha kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa.

ZOEZI

Jaza pengo kwa neno moja kati ya haya: forbore, forborne, forbearance, forbade, forgave, endured, refrain.

1. The chief was insulted before the people, but he ______ to punish the young man.
2. Please ______ from spitting in the bus.
3. The bank has granted us six months’ ______. After that we must pay.
4. My uncle ______ the debt, and he tore up the paper.
5. The father ______ his sons to sell the land.
6. The travellers ______ great thirst, for there was no water on the road.
7. She has ______ from speaking of it all these years.

MAJIBU

1. forbore: mkuu alikuwa na uwezo wa kuadhibu, akajizuia.
2. refrain: ni tangazo la siku hizi, na “refrain” ndilo lifaalo.
3. forbearance: deni lipo, ila limengojewa.
4. forgave: hati imechanwa, deni limekwisha.
5. forbade: baba anawazuia wengine, hajizuii mwenyewe.
6. endured: wasafiri hawakuwa na la kuchagua.
7. forborne: hufuata neno “has”.

Aliyepata la tatu na la nne bila kusita amelielewa somo hili lote.